Majani Si Mizizi

Mwezi huu tunazungumza juu ya kupanda mforosadi kwa vipandikizi. Kipandikizi ni kipande cha tawi. Unakikata, unakichomeka ardhini, kinatoa mizizi, kinakuwa mti. Watoto hula matunda ya mforosadi, na mbuzi hupenda sana majani yake. Lakini sisi wa Njombe na Makete tunaishi kwenye baridi, na baridi ina hila zake.

Mwaka 2009 nilikuwa kijana, cheti changu cha kilimo bado kipya. Mama mmoja alikuja kuniita. "Bwana Shamba, njoo uone. Vijiti vyangu vimeshika."

Nikaenda. Kweli, vijiti 60 vilikuwa na majani mabichi, yanapendeza. Nikamwambia, "Mama, chimba mashimo, uvihamishe." Akachimba mashimo 60, yeye na wajukuu zake. Tulipong'oa vijiti, chini hapakuwa na mzizi hata mmoja. Tukavipanda hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili vilibaki 4 tu.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, mashimo haya 56 nipande nini?" Sikuwa na jibu. Kosa lilikuwa langu, si lake.

Kwa nini vilikufa? Tawi lina akiba ya chakula ndani yake. Jua la mchana likilipiga, macho yake huamka na kutoa majani kwa akiba hiyo. Lakini udongo bado ni wa baridi, na mizizi haioti upesi katika baridi. Basi majani yanataka maji, na chini hakuna wa kuyachota.

Kata matawi baridi inapoelekea kuisha, mwezi wa Agosti, kabla macho hayajafunguka. Chagua mti mama wenye afya na majani mengi, maana mtoto atafanana naye. Chukua tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa shubiri moja. Tawi changa la kijani hunyauka. Chini kata sawa, karibu na jicho. Juu kata mshazari. Hivyo hutachomeka kichwa chini. Usicheke, nimewahi kuona kitalu kizima kimepandwa kichwa chini. Theluthi mbili za kijiti ziingie udongoni. Shindilia udongo ushike.

Sasa, kitalu kikae wapi? Wengi tunakiweka bondeni, kwenye vinyungu, kwa sababu maji yako karibu. Lakini huko ndiko sakitu hukaa. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku huteremka kutoka mlimani kama maji na kujaa bondeni. Asubuhi utakuta nyasi za bondeni ni nyeupe, na za mteremkoni hazina kitu. Weka kitalu mteremkoni, juu kidogo ya vinyungu. Utabeba ndoo, ni kweli. Bora ndoo kuliko sakitu.

Usiku funika kitalu kwa kichanja cha nyasi. Asubuhi funua, udongo upate joto. Mwagilia udongo uwe na unyevu, usiwe tope.

Majani yakitoka, usifurahi bado. Usivutevute kijiti kuona kama kimeshika, maana unakata mizizi michanga. Ngoja miezi 3 au 4, mpaka mvua zikolee. Kisha chimbua kijiti kimoja tu, taratibu, pamoja na udongo wake. Ukiona mizizi mingi iliyogawanyika, hamisha vyote. Ukiona uvimbe mweupe tu pale ulipokata, hilo ni kovu la jeraha. Kirudishe, ungoje.

Mtini nao hupandwa hivi hivi. Mparachichi na mtofaa usihangaike navyo kwa vijiti. Hiyo hubebeshwa, na ni habari ya siku nyingine.

Yule mama alipanda tena mwaka uliofuata. Safari hii hakuniita mpaka Desemba. Nilimkuta ameshika kijiti kimoja alichokichimbua, mizizi yake imening'inia kama ndevu.

"Je, Bwana Shamba, sasa?"

"Sasa, mama," nikamjibu. Tukachukua majembe, tukaanza kufukua mashimo ya mwaka jana.