Nyumba Njema Si Mlango, na Mtu Si Motokaa



Leo nataka tusemezane juu ya ugonjwa uliotuingia sisi wenyewe, wala si wakubwa peke yao. Ni ugonjwa wa kumpima mtu kwa motokaa yake.

Naanza na kisa kilichotokea katika kiwanda kimoja mjini Mbarara, nami nilikuwamo. Wenzetu wa zamu ya jioni walikuwa wakitoka kazini saa tano usiku, teksi zimekwisha barabarani. Mwenye fedha alipanda bodaboda. Asiye nazo alitembea gizani, akina mama wakiwemo. Tukakubaliana kumtuma msemaji kwa meneja kudai usafiri.

Majina mawili yakatajwa. La kwanza ni la ndugu mmoja mwenye asili ya Kongo, ambaye jamaa zake wanaishi Nakivale. Huyu alikuwa na daftari. Kwa muda wa miezi miwili aliandika kila usiku: waliotembea ni nani, waliopanda bodaboda ni nani, na kila mmoja alilipa nauli kiasi gani. La pili ni la karani mmoja mwenye kigari chake. Mtu mmoja akasema, "Huyu wa miguu atasikilizwa na nani? Mpelekeni mwenye gari, meneja ataona kwamba amejiwa na mtu." Tukacheka. Nami nilicheka, na mkono wangu niliunyoosha kwa mwenye gari. Yule ndugu akafunga daftari lake, akalitia mfukoni.

Karani akaingia ofisini, akapewa chai. Alipoulizwa ni watu wangapi wanaotaabika na gharama yao ni kiasi gani, hakujua. Angejuaje? Hakupata kutembea usiku kutoka kazini hata siku moja. Akaambiwa, "Leteni maelezo kamili." Tulipomkumbuka mwenye daftari, kibarua chake kilikuwa kimekwisha, amerudi Nakivale na daftari lake. Nasi tukaendelea kutembea.

Meneja hakutushinda, ndugu zangu. Tulijishinda wenyewe.

Ugonjwa huu si wa jana. Baada ya uhuru, watu wa Kenya na Tanzania walibuni jina la kabila jipya lisilo na lugha wala kijiji: Wabenzi, yaani wale wapandao Mercedes-Benz. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijaribu kuwafunga breki viongozi wa Tanzania: wasipokee mishahara miwili, wasiwe na hisa katika makampuni, wasiwe na nyumba za kupangisha. Hapa Uganda, Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 na mali zao kugawiwa wengine, waliotajirika ghafula waliitwa mafuta mingi. Wananchi walicheka kwa majina hayo, lakini wengi walitamani kuitwa hivyo.

Hata leo hesabu ni ile ile. Mwaka 2021 kila mbunge wa Uganda, na wote walikuwa 529, alipewa shilingi milioni 200 za kununulia gari. Sasa tazama upande wetu. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya, lakini Rais hakuutia sahihi. Chukua kalamu ugawanye: gari moja la mbunge ni kima hicho cha miezi zaidi ya 33,000, yaani zaidi ya miaka 2,700. Na katika Bunge lile walikuwamo wawakilishi watano wa wafanyakazi. Ni haki yetu kuwauliza walisema nini siku hiyo.

Lakini tutawaulizaje, ikiwa sisi wenyewe tunalisujudia gari? Nenda Nakivale ukaone. Makazi yale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Pale mtoto mdogo anayajua mashirika kwa alama zilizo kwenye milango ya magari meupe. Anayeshuka katika gari hilo, hata akiwa karani wa juma moja, huamkiwa kama mkubwa. Mzee aliyelima ardhi ile miaka mingi husogea kando na kula vumbi.

Nasi tunaigana ngazi kwa ngazi. Mwenye gari humdharau mwenye bodaboda. Mwenye bodaboda humcheka mwenye baiskeli, anayeisukuma mlimani imesheheni matoke ya Isingiro. Mwenye baiskeli humcheka wa miguu. Na tajiri huko juu anatutazama akifurahi, maana watu wanaochekana hawawezi kudai pamoja.

Wako watakaosema, "Mwandishi ana wivu, angelipata gari angelinyamaza." Nawajibu: gari si dhambi. Gari humfikisha mama mjamzito hospitali. Gari hupeleka mahindi ya mkulima sokoni. Mfanyakazi akijinyima akanunua gari, nampongeza kwa moyo mweupe. Lakini asisahau kwamba magari yetu mengi yalikwisha kutumika Japani kabla hayajafika huku. Ni jambo la kuchekesha kumwona mtu akimvimbia jirani yake kwa kitu ambacho mfanyakazi wa Japani amekwisha kukichoka.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi tunapochagua msemaji, tusitazame alichokuja nacho mlangoni. Tumwulize: Anaijua shida? Ana hesabu zake? Ataogopa? Jambo la kutembea usiku lisemwe na anayetembea usiku. Jambo la kuchuma chai lisemwe na mwenye kikapu mgongoni. Na asiulizwe amezaliwa upande gani wa mpaka, maana Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi nchini humu, na giza la barabarani halibagui.

Pili, kila tawi na lianze daftari kama lile. Andikeni saa za kutoka, nauli, majina. Kisha usafiri wa usiku uingizwe katika mkataba wa pamoja, usibaki fadhili ya meneja.

Tatu, kiongozi wa chama akinunua gari, wanachama wasione haya kuuliza limetoka wapi. Mwenye jibu safi hatakasirika.

Ndugu yangu wa Nakivale, kama gazeti hili litakufikia, ujue kwamba mimi ni mmoja wa wale waliocheka siku ile. Nilikosa. Daftari lako lilikuwa na thamani kuliko gari lile, na bado tunalihitaji.

Umoja ni nguvu.