Katani, Plastiki na Deni Letu

Ni dhana potofu kudai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Tuchukue katani. Nyuzi hizi za mkonge, zikichanganywa na plastiki iliyoyeyushwa, huiimarisha, nazo ni nyepesi kuliko nyuzi za kioo. Ndiyo maana viwanda vya magari vya Ujerumani vimezitumia katika milango. Ila katani hupenda maji ilhali plastiki huyakataa, hivyo nyuzi huoshwa kwanza kwa alkali ili zishikamane nayo. Je, ni wapi hapa lugha imetutupa mkono? Kenya huuza katani ghafi ng'ambo. Wanafunzi wa Kiswahili tusipoyaandika maarifa haya, tutazidi kuuza nyuzi na kununua bidhaa pamoja na majina yake.