Ana mke Mmalawi, lakini bado ni mkimbizi wa Dzaleka

Kwa mfanyabiashara wa Tunduma au Kariakoo anayetoa mzigo kwa mali kauli kwenda Lilongwe, suala la nani kamwoa nani linaweza kuonekana ni la faragha. Malawi si hivyo. Mgeni akioa huko, mara nyingi duka huandikwa kwa jina la mke, na jina hilo ndilo hubaki mlangoni siku mume anapopakiwa kwenye gari la polisi.

Hali hiyo ilionekana wazi mwaka 2023. Mwishoni mwa Machi, Serikali ya Malawi iliwataka wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kabla ya Aprili 15. Kuanzia Mei 17 ukamataji ukaanza, na maduka ya Warundi, Wanyarwanda na Wakongomani jijini Lilongwe yakafungwa. Dzaleka, iliyo umbali wa kilomita zisizozidi 50 kutoka jijini, iliwahi kuwa gereza la kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, ikikusudiwa kubeba watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wapo zaidi ya 50,000, na Kiswahili ni moja ya lugha kuu za soko lake.

Wapo wanaume wa Dzaleka wenye wake Wamalawi na watoto Wamalawi. Kwa nini ndoa isiwakinge? Jibu liko kwenye karatasi ambayo wafanyabiashara wachache wameisoma.

Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika ibara ya 17, unasema vizuizi vya ajira wanavyowekewa wageni havitamhusu mkimbizi aliyekaa nchini miaka 3, au mwenye mwenzi aliye raia, au mwenye mtoto aliye raia. Kwa maneno mengine, mkataba unaitambua familia. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 iliweka pingamizi mahali hapohapo: haitalazimika kumwondolea mkimbizi wa aina hiyo sharti la kibali cha kazi. Ikaweka jingine kwenye ibara ya 26, ikijiachia haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kuishi pale usalama au utulivu wa umma unapohitaji. Agizo la 2023 linaeleweka vizuri zaidi mtu akisoma mistari hiyo miwili.

Mlango mwingine ungekuwa uraia. Sheria ya Uraia ya Malawi ya mwaka 1966 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mmalawi njia ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Mwanamume mgeni aliyeoa Mmalawi hakuwekewa njia kama hiyo. Katiba ya 1994 inampa mwanamke haki ya kupata na kubaki na uraia wake, lakini haki hiyo haikutafsiriwa kuwa ya kumgawia mumewe. Watoto wao wanazaliwa Wamalawi kupitia mama. Hivyo nyumba moja inakuwa na mama raia, watoto raia na baba anayepaswa kuonekana kambini.

La kushangaza ni kwamba sheria hiyo inakwenda kinyume na mila za ardhi ileile inayotumika. Wachewa, ambao ndio wengi wilayani Dowa, hufuata ukoo wa mama. Katika utaratibu wa chikamwini, mwanamume ndiye huhamia kijijini kwa mkewe, na ankhoswe wa pande zote mbili wakikubali, amekuwa mtu wa pale. Wakwe wamempokea, Idara ya Uhamiaji haijampokea.

Mgeni aliyeingia kwa kibali cha kazi ana unafuu kiasi. Kibali chake kimefungwa kwa mwajiri na kazi iliyotajwa, lakini yuko tayari ndani ya Sheria ya Uhamiaji, hivyo akioa anaweza kuomba kibali kingine cha ukaazi kwa msingi wa ndoa. Cheti cha ndoa peke yake hakibadilishi kitu. Mpaka kibali kipya kitoke, masharti ya kile cha zamani ndiyo yanayombana. Mkimbizi yuko chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1989, na kuruka kutoka sheria moja kwenda nyingine ndiko kunakowakwamisha wengi.

Malawi haiko peke yake. Tanzania nayo imempa mke mgeni njia ya uraia kupitia ndoa na kumnyima mume mgeni. Kenya ilibadilika kwa Katiba ya 2010: mwenzi yeyote, mume au mke, anastahili kusajiliwa baada ya miaka 7 ya ndoa. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo Mkongomani wa Bukavu ana itifaki ya soko la pamoja ya kuitaja akiwa Mbeya, angalau kwenye karatasi. Akishavuka Kasumulu, itifaki hiyo haina nguvu, kwa kuwa Malawi si mwanachama.

Kibiashara, hatari iko kwenye pengo kati ya anayekopa na anayemiliki. Mume ndiye anayejulikana Kariakoo, ndiye mwenye namba ya simu na sifa ya kulipa. Leseni, akaunti ya benki na mkataba wa pango ni vya mke. Ndoa ikivunjika, mke akifariki, au mume akirudishwa kambini, mdai wa Tanzania anabaki na ahadi ya mtu asiye na mali yoyote kwa jina lake. Mke naye anaweza kudaiwa kodi ya duka ambalo hakuwahi kulisimamia, jambo ambalo huzungumzwa kidogo mno.

Baadhi ya wauzaji wa jumla wangeweza kujikinga kwa hatua rahisi: kumtaka mke asaini hati ya mzigo pamoja na mumewe, na kuona leseni yenyewe badala ya picha yake ya simu. Hilo linahitaji mke avuke mpaka au awe na wakala Songwe, na linaongeza gharama. Kwa mzigo mdogo halilipi. Kwa mzigo wa lori zima, linalipa.