Lakabu si Uoga

Mwandishi mmoja ametuambia gazetini kwamba anayesema siasa mtandaoni bila jina wala picha yake halisi ni mwoga, na maneno yake yasihesabiwe. Nampinga.

Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mtandaoni la Tanzania, alikamatwa, kisha akafikishwa mahakamani, baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za wachangiaji wake. Kama maneno ya watu wale wenye majina ya bandia hayakuwa na uzito, mbona walisakwa hadi Melo akapandishwa kizimbani?

Tena lakabu haikuletwa na simu. Washairi wetu wa magazetini, tangu enzi za gazeti la Mambo Leo, walijibizana kwa lakabu, na malenga hakuitwa mwoga kwa hilo.

Mwandishi huyo anasema nafsi ya mtu ni moja. Basi amfikirie karani wa serikali ambaye mchana hufunga mdomo kwa sababu ya kazi, na usiku huandika kuhusu dawa zinazokosekana katika zahanati ya kijijini kwake. Wote wawili ni yeye. Ukimlazimisha achague, atachagua mshahara unaolisha wanawe, nasi tutaikosa habari ya dawa.

Kuhusu matusi anayoyalalamikia tunakubaliana: yanaumiza. Lakini wangapi hutukana kwa majina yao kamili, picha zao zikitabasamu pembeni?

Namwomba mwandishi azirudie hoja za watu wa lakabu anaowadharau, azijibu moja baada ya nyingine.