Pole Haiungi Mfupa

Wandugu wa Kapolowe, watu wa Gare na watu wa Misheni, kuna zoea linalonikera na leo nalisema. Mama muuza samaki wa Tshangalele anapita mbele ya duka, beseni kichwani. Mwenye duka amechimba shimo la maji machafu na hakulifunika hata kwa ubao. Mama anatumbukia, nyonga inavunjika. Jioni unaletwa mfuko wa unga wa bukari pamoja na pole nyingi, nasi watu wazima tunapokea na kusema, "Ajali haina kinga."

Haina kinga? Ubao ndio uliokuwa kinga! Ninyi mnaojaza kanisa kila Jumapili, tena kwa moyo safi, fungueni Kutoka, sura ya 21. Mtu akiacha shimo wazi na ng'ombe wa jirani akafa humo, mwenye shimo hulipa. Ng'ombe analipiwa, mama aliyetulea je?

Sheria ya nchi yetu inasema vilevile tangu tarehe 30 Julai 1888. Kifungu cha 258 kinamtaka aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake amlipe. Cha 259 kinamshika hata mzembe. Cha 262 kinamshika mwenye jengo linaloporomoka kwa kukosa matengenezo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wengine watasema kumshitaki jirani si upendo. Basi mwendeeni kwanza na wazee, mzungumze kwa adabu. Unga pokeeni, lakini unga haulipi operesheni, wala miezi ambayo mama hatauza samaki. Akikataa kulipa, tribunali iko Likasi. Ila mtaka cha mvunguni sharti ainame: shimo lipigwe picha kabla halijafukiwa, majina ya walioona yaandikwe, cheti cha daktari kiombwe, risiti za dawa zitunzwe. Aliyeanguka kazini aulize habari za CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Asiye na pesa ya avoka aulize ushauri wa bure ambao baraza la mawakili huwapa maskini.

Na hapa siwezi kupita kimya. Ziko familia zinazokwenda kwa mganga kuuliza ni nani aliyemsukuma mtoto wao shimoni kwa uchawi. Pesa za avoka zinaliwa huko, na shangazi mzee anafukuzwa nyumbani usiku, katika mvua. Shangazi hakuchimba shimo! Aliyechimba anajulikana, jina lake limeandikwa juu ya mlango wa duka, naye analala usingizi mzuri huku ninyi mkimtesa bibi asiye na hatia. Hiyo ni dhambi, na wachungaji wanaoinyamazia wana sehemu yao.

Mwenye duka, nunua ubao leo. Nawe uliyevunjika, usitie kidole kwenye karatasi yoyote ya kusamehe deni kabla avoka hajakusomea.