Mtoto Mlemavu na Zamu Yake Uwanjani
Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za wenye ulemavu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao kifungu chake cha 30 chamthibitishia mtoto mlemavu haki ya kucheza na wenziwe, havijamtoa barazani mtoto wa mji wa Kasongo atazamaye mpira kwa mbali. Wala sidhani vitamtoa, maadamu mamaye ndiye pekee ambebaye mgongoni. Jirani mwenye baiskeli, mwalimu wa madrasa, vijana wa parokia: hawa ndio niwadaio wamfikishe uwanjani. Tena wasimfanye mshika viatu, kama ilivyo ada. Apewe zamu langoni, akae chini ikibidi, na akifungwa bao alaumiwe kama mwingine yeyote.