Joto Ndilo Huichakaza Betri, Baridi Huiumbua tu

Kila Januari, halijoto inapoweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, wenye magari wa Winnipeg, Edmonton na Minneapolis, wakiwamo wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki na Kongo, hukumbana na kero ileile: ufunguo unazungushwa, stata inakohoa mara mbili, kisha kimya. Lawama yote hutupiwa baridi, na dawa inayokimbiliwa ni waya za kubusti. Kwa maoni yangu, mkosaji si huyo. Betri inayogoma Januari aghalabu ilikwishachoka tangu miezi ya joto, na wakati wa kuishughulikia ni Oktoba, kabla theluji haijatanda.

Sayansi ya jambo hili haina utata. Betri ya kawaida ya gari hutoa umeme kwa mmenyuko wa risasi na asidi, na baridi huupunguza kasi mmenyuko huo. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, betri hubakiwa na takriban nusu ya uwezo wake. Wakati huohuo oili ya injini huwa nzito, na stata hudai nguvu maradufu au zaidi. Betri nzima ina akiba ya kulihimili pigo hilo la pande mbili; betri iliyochakaa haina. Kinachoichakaza hasa ni joto, kwani ndilo huharakisha kutu kwenye vyuma vya ndani na kukausha maji yake. Hata betri ya Dar es Salaam huchakaa kwa njia hiyohiyo, ila huko hakuna alfajiri ya barafu ya kuidai nguvu isiyo nayo, hivyo udhaifu wake hujificha muda mrefu.

Wapo watakaosema waya za kubusti ni rahisi na jirani hakosekani. Ni kweli, lakini umeme wa kuazima hauiponyi betri mbovu, na kuliacha gari likiunguruma dakika chache pale lilipoegeshwa hakurudishi chaji iliyotumika. Kuna hatari pia. Asidi ya betri iliyojaa chaji huhimili baridi ya zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri, ilhali ya betri iliyoisha chaji huweza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri. Betri iliyoganda haibustiwi kamwe, kwa kuwa inaweza kulipuka. Wengine watadai magari ya kisasa huwaka bila msaada katika baridi kali. Huwaka, iwapo betri ni changa na oili ni nyepesi inayofaa majira hayo. Mhamiaji anayeanza maisha, mara nyingi kwa gari la mtumba, hana hakika ya lolote kati ya hayo.

Pingamizi zito zaidi ni gharama. Kinga nyingine ya baridi, yaani hita ya umeme ya kupasha injini kabla ya kuiwasha, ambayo Andrew Freeman wa North Dakota alipewa hataza ya aina yake mwaka 1949, huhitaji fundi wa kuifunga na soketi karibu na maegesho. Hata hivyo, haihitaji kula umeme usiku kucha: ikiwa na saa ya kuiwasha yenyewe, saa mbili hadi nne kabla ya safari kwa kawaida hutosha. Aliyepanga nyumba isiyo na soketi ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kupima betri mapema, kwa kuwa hana kingine cha kuegemea. Maduka mengi ya vipuri nchini Marekani hupima bila malipo. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa na kutulia, husoma takriban volti 12.6; ikisoma chini sana ya hapo hata baada ya kuchajiwa, au ikishindwa kipimo cha mzigo, ibadilishwe. Bei ya betri mpya inauma, lakini italipwa tu: ama Oktoba kwa hiari, baada ya kulinganisha maduka, ama Januari kwa lazima, pamoja na gharama ya gari la kuvuta na ujira wa siku iliyopotea.